Mbona daktari wa kemisti ana maswali mengi?

Kama ushawahi kuingia kemisti yoyote hapa Mombasa, iwe Majengo, Kongowea, Likoni ama Changamwe, ukaitisha dawa halafu mtu wa kaunta badala ya kukupa akaanza kukuuliza ni ya nani, ana umri gani, ameanza kuumwa lini, kuna dawa gani nyingine anatumia, basi najua ulikasirika, manake mimi ndo yule wa kaunta na nakasirikiwa kila siku. "Wewe niuzie tu, kwani pesa yangu haitoshi?" Naelewa kabisa. Mtu ametoka kazini, feri imemchelewesha, mtoto nyumbani ana homa, hataki mahojiano. Lakini leo nataka niandike kwa kirefu kwa nini nauliza, kwa sababu kuuliza ndo kazi yenyewe. Kutoa dawa kwenye rafu na kuitia kwenye bahasha, mtu yeyote ajua. Nilichokisomea mimi ni kujua wakati ambao dawa hiyo haifai kutoka kwenye rafu, na hilo siwezi kulijua bila wewe kunijibu.

Kuna jambo wengi hawalijui. Maneno ambayo dunia nzima huyatumia kueleza matumizi mazuri ya dawa yalitungwa hapa hapa kwetu Kenya, kwenye mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani Nairobi mwaka 1985. Walisema mgonjwa apate dawa inayolingana na ugonjwa wake, kwa kipimo kinachomfaa yeye, kwa muda wa kutosha, na kwa bei ya chini kabisa kwake na kwa jamii yake. Shirika hilohilo baadaye likakadiria kwamba zaidi ya nusu ya dawa zote duniani huandikwa, hutolewa ama huuzwa isivyofaa, na kwamba nusu ya wagonjwa hawazitumii inavyotakiwa. Nikisoma hesabu hiyo sishangai, naiona kaunta. Na hapo penye bei ndo nataka nianzie, manake kwetu shida nyingi zaanzia mfukoni.

"Nikatie za 50." "Nipe rangi mbili sita tu daktari." Rangi mbili ni amoxicillin, zile kapsuli kila mtu azijua kwa sura, na sita ni za siku mbili kwa mtu mzima ambaye kwa kawaida angeambiwa anywe mara tatu kwa siku, siku tano ama saba kulingana na ugonjwa. Anakunywa nne, anasikia nafuu, mbili anaziweka kwa droo, wiki ijayo jirani akiumwa na jino anapewa. Hivyo ndo bakteria sugu hupata nafasi, wale dhaifu wafa na wale wagumu ndo wabaki kuzaana, na siku ukiumwa kweli hiyo dawa haikusaidii. Mwaka 2019 peke yake watu kama milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa, na mzigo mkubwa zaidi ulikuwa huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara.

Lakini nitasema kitu ambacho naona hatukisemi vya kutosha. Tumezoea kumlaumu yule asiyemaliza dozi, na kwa maoni yangu yule asiyehitaji hiyo dozi toka mwanzo ndo shida kubwa zaidi. Mafua, kikohozi cha siku tatu, koo linawasha, makamasi, hayo kwa kawaida ni virusi na antibaiotiki haiui virusi hata ukimeza ndoo nzima. Nikikuuliza kikohozi ni cha siku ngapi, una homa kali, kifua kinakubana, unatoa damu, umekonda, nafanya uamuzi wa kukuokoa hizo pesa. Ukiwa huna lolote katika hayo utaondoka na paracetamol, nitakwambia usukutue koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, asali kidogo (asali asipewe mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, tafadhali), na utarudi nyumbani na hela ya sima na samaki. Na ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili nitakutuma ukapime kifua kikuu, sitakuuzia chupa ya tatu ya dawa ya maji.

Na hapo hapo kwenye pesa, wacheni kuogopa dawa zisizo za jina kubwa. Mtu aja na karatasi ya daktari imeandikwa jina la kampuni, bei yamshinda, aamua kununua nusu. Mwambie mfamasia akutafutie yenye kiungo kilekile kwa jina lake la kisayansi, iliyosajiliwa. Tofauti ya bei yaweza kuwa kubwa mno. Dozi kamili ya dawa ya bei rahisi ni bora mara mia kuliko nusu dozi ya ile wanayoiita orijino.

Sasa tuje kwa homa, manake hapa ndo Mombasa ni tofauti na bara na hapa ndo maswali yangu huwa mengi zaidi.

Mtu wa Mombasa akishikwa na homa, neno la kwanza ni malaria, na la pili ni "nipe na ya maumivu ile kali." Ile kali ni diclofenac ama ibuprofen. Shida ni kwamba mji wetu una homa ya dengue, ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Tumepata milipuko 2013, 2017, 2021, na mwisho wa 2017 kuingia 2018 tukapata na chikungunya, wale walioishi hapa wanakumbuka watu walivyokuwa wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Dengue hushusha zile chembe zinazogandisha damu, na aspirin, ibuprofen na diclofenac zote huongeza hatari ya kuvuja damu. Yaani dawa unayoitaka ili maumivu yaondoke ndo yaweza kukufanya utokwe na damu ndani. Kwa hivyo mtu akija na homa, mwili wote wauma, macho yauma kwa nyuma, mimi diclofenac simpi mpaka apime, na nimeshatukanwa sana kwa hilo. Nampa paracetamol na namwambia anywe maji kwa wingi, madafu, ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), supu. Halafu namwambia jambo ambalo watu hulishangaa: hatari ya dengue huja pale homa inaposhuka, wakati mgonjwa anadhani amepona. Tumbo likianza kuuma sana, kutapika hakuishi, fizi ama pua zatoa damu, mtu amelegea hajielewi, hapo ni hospitali moja kwa moja, usipitie kwangu.

Na paracetamol yenyewe si peremende. Mtu mzima tembe mbili za miligramu 500 kwa mara moja, na kwa masaa 24 asipite nane, akizidisha ini lake ndo litalipa. Wengi huzidisha bila kujua manake wanakunywa Panadol na juu yake dawa ya mafua ambayo ndani yake pia ina paracetamol. Ndo maana nauliza umemeza nini tangu asubuhi.

Malaria nayo, kwanza kipimo. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni chachukua kama dakika kumi na tano hadi ishirini, hakuna haja ya kukisia. Ikiwa ni malaria ya kawaida dawa ni AL, yaani artemether na lumefantrine ndani ya tembe moja, mtu mzima tembe nne, halafu nne tena baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, jumla 24. Na uile na chakula chenye mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa, manake bila mafuta mwili haunyonyi vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia. Watu hawayaambiwi haya, wanapewa pakiti imeandikwa kwa kalamu 4x2, wanaondoka. Mama zetu wakumbuka klorokwini na ile miwasho yake, ikashindwa, serikali ikaiacha mwaka 1998 tukaingia Fansidar, nayo ikachoka haraka, 2004 ikaamuliwa tuhamie AL na 2006 ikaanza kutolewa kote. Tayari Rwanda na Uganda wameonekana vimelea ambavyo vinaanza kuizoea artemisinin, kundi la dawa ambamo imo hiyo artemether ya AL. Tukiichoma hii kwa nusu dozi na kwa kuimeza kila tukisikia baridi, mimi sioni nyingine kwenye rafu ya kumpa mwanao.

Presha. Hapa nitakaa kidogo manake naiona tena na tena. Mzee anatumia enalapril ama losartan, na ile ya kukojoza, anakunywa kwa uaminifu kila siku, lakini kliniki kila akienda presha iko juu, anaongezewa dawa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magoti. Magoti yanamuuma, na kila jioni hununua diclofenac mbili kwenye duka lililo karibu na msikiti, miezi na miezi. Dawa hizo za maumivu hupandisha presha, na zikikutana na hizo mbili nyingine huzibana figo, kundi hilo la dawa tatu pamoja ni hatari inayojulikana kabisa. Daktari wa kliniki haioni hiyo diclofenac kwa sababu haijaandikwa popote. Muuza duka haioni presha. Mtu pekee aliye katikati, anayeweza kuziona zote mbili, ni mfamasia, na ataziona tu akiuliza na mzee akijibu. Kwa hivyo mzee wangu nikikuuliza "baba, kuna kitu chochote wanywa cha maumivu?", sikuchunguzi maisha.

Vilevile niambieni mitishamba. Sina vita nayo, mimi mwenyewe nimelelewa na mwarobaini na habasoda, na bibi yangu shubiri haikukosa nyumbani. Ila mtu wa sukari akichanganya dawa ya hospitali na vitu vinavyoshusha sukari, yaweza kushuka kupita kiasi, na mtu anayetumia warfarin ya kulainisha damu asiongeze kitu chochote kipya bila kusema. Na vijana wa muguka na miraa, nanyi msinifiche. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, hiyo wengi mnaijua. Ambayo hamuijui ni kwamba utafiti uliofanywa Yemen ulionyesha mtu akitafuna miraa, mwili wake unanyonya ampicillin kidogo kuliko kawaida, na amoxicillin pia ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa hivyo umelipia dozi, umeimeza, na nyingine imepotea. Ukiniambia ukweli nitakwambia tu unywe dawa yako masaa kama mawili baada ya kutema, basi, sitakuhubiria.

Watoto sasa, na hapa mama zangu nawaomba mnisikize vizuri. Kijiko cha jikoni si kipimo. Kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile, kimoja chaingiza mililita 3 kingine 7, na mtoto wa kilo nane hiyo tofauti ni kubwa. Itisheni bomba la sindano lisilo na sindano, ni bei ndogo sana, lina mistari, unavuta mililita uliyoambiwa unampa pembeni mwa shavu polepole. Antibaiotiki ya unga kwenye chupa: gonga unga ulegee, tia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, tikisa, na ukishachanganya nyingi mwisho wake ni siku saba, zinazobaki ni za kumwaga, si za kuwekea mtoto wa pili. Ukinipa dakika mbili nakuchanganyia mwenyewe kaunta.

Na mtoto akiharisha, tafadhali sana, Flagyl, ile metronidazole, si jibu la kwanza. Kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi. Kinachomuua mtoto ni kuishiwa maji. Dawa ni ORS na zinki, zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha, na aendelee kunyonya na kula. Damu kwenye choo, macho yamezama, hanywi, analala tu, hapo mpeleke hospitali. Huwa naumia mama akiona ORS ni kitu cha bure bure na aniona mimi mbahili kwa kumnyima tembe.

Kuna na wale wanaokuja wakasubiri watu waishe ndo waseme kwa sauti ya chini. Msichana anataka P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kijana ana kidonda sehemu za siri, mwanamume ana tatizo la kitandani. Kwangu hilo ni jambo la afya kama lingine. P2 hufanya kazi ukiwahi, mwisho masaa 72 na mapema ni bora, lakini haikukingi na virusi vya ukimwi, kwa hilo kuna PEP, dawa za kuzuia virusi visishike baada ya kukutana navyo, ambayo nayo mwisho ni masaa hayohayo 72, uiulize kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kidonda usinunue sindano ya kubahatisha, kapimwe. Kemisti nzuri inafaa iwe na pembe ya kuongelea bila foleni nzima kusikia, na kama haina, mwambie mhudumu mtoke pembeni, ni haki yako.

Nimetaja kemisti nzuri, basi niseme na upande wetu. Si kila aliyevaa koti jeupe amesomea dawa. Mfamasia husoma chuo kikuu miaka mitano na kufanya mazoezi ya kazi baada yake, na kuna wenye diploma ya miaka mitatu ambao ndo wengi zaidi mitaani na wanafanya kazi kubwa. Wote husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na duka lenyewe lazima liwe na leseni, nayo hulipiwa upya kila mwaka. Angalia ukutani, ikiwa haipo uliza, na wakikununia toka. Pia nawaambia wenye maduka: mkimlipa mtu wa kaunta kwa kuangalia ameuza kiasi gani, mmemziba mdomo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo jioni tulihesabiwa nani ametoa antibaiotiki ngapi, nikaondoka. Mfamasia anayeogopa kumwambia mteja "hii huihitaji" hana faida kwa mtaa.

Joto letu. Mwezi wa pili na wa tatu nyumba ya mabati yaweza kupita nyuzi 30 usiku na mchana, na dawa nyingi zimeandikwa zisipite 25 ama 30. Usiziweke juu ya friji, wala dirishani, wala kwenye dashibodi ya tuktuk. Insulini ambayo haijafunguliwa ni ya friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande, na ukishaifungua nyingi huweza kukaa nje kama wiki nne joto likiruhusu. Asiye na friji aiweke kwenye chombo kisichopitisha maji ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo, unapunguza joto nyuzi kadhaa, ingawa unyevu wetu wa pwani huupunguzia nguvu. Kama una jirani mwenye friji, muombe sehemu.

La mwisho ni Ramadhani, na hili nalisema mapema makusudi. Kila mwaka siku za mwanzo za mfungo napata watu wa sukari na presha ambao wamejipangia wenyewe: dawa ya asubuhi, mchana na usiku zote zimemezwa futari kwa pamoja, ama zimeachwa kabisa mpaka Idi. Mwenye glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, akiimeza yote wakati wa daku halafu akafunga, sukari yaweza kumshuka saa tisa mchana akiwa barabarani. Ile ya kukojoza ukiinywa daku na joto hili, utakaukiwa. Dawa nyingi zaweza kuhamishwa zikakaa kati ya futari na daku bila shida, nyingine kipimo lazima kibadilishwe na daktari, na kuna watu ambao wanatakiwa wasifunge na dini imewapa ruhusa. Hata antibaiotiki ya mara tatu kwa siku, mara nyingi daktari anaweza kuchagua nyingine ya mara moja ama mbili. Kujidunga kidole kupima sukari, wanazuoni wengi wamesema hakufunguzi, kwa hivyo pimeni, na ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye mashine ama ikapanda juu ya 16.6 fungua hapohapo. Mwenye pumu asiache pampu yake nyumbani kwa vyovyote, hukumu yake ya saumu amuulize sheikh, hilo si langu.

Kwa hivyo mwezi wa Shaaban ukiingia, chukua mfuko mmoja, tia kila kitu unachotumia, vya hospitali, vya kemisti, vya mganga, na vile vya droo ambavyo huvijui ni vya nini, pamoja na kadi yako ya kliniki. Njoo asubuhi kabla watu hawajajaa, hapo huwa nina nafasi. Tutavimwaga vyote kaunta tuangalie kimoja kimoja kipi kiwe futari, kipi daku, kipi turudi kwa daktari wako tumuulize, na ikiwa una mtu mzee nyumbani ambaye hawezi kutembea, njoo na mfuko wake.